Kishikeni Kwanza: Barua ya Wazi kwa Wachunguzi na Majaji wa Hataza

Waheshimiwa wakuu wa ofisi za hataza, wachunguzi wa maombi, na majaji mnaosikiliza mashauri ya uvumbuzi,

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizowahi kuandika kwa njia ya kawaida zilijibiwa kwa sentensi moja moja.

Mimi ni fundi. Kwa miaka 25 nimetengeneza vitu vya kushikwa kwa mkono: vishikio vya milango ya mashine, mipini ya tupa na patasi, mikono ya winchi, vibanio vya kukazia kazi mezani. Sikusomea sheria. Hata hivyo kuna neno moja la sheria lililonifuata hadi kwenye jiriwa yangu mara mbili. Mara ya kwanza lilininyima hataza niliyoamini ni haki yangu. Mara ya pili lilinyamaza pale lilipotakiwa kusema, mtu mwingine akapewa hataza ya kitu ambacho mafundi walikuwa wakikitengeneza tangu zamani, kisha akaja kunitisha nayo. Neno lenyewe ni "dhahiri".

Ninyi mnalijua kuliko mimi. Kwa wasomaji wengine watakaoipitia barua hii, niseme kwa kifupi: hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake, haitolewi kwa kila kitu kipya. Uvumbuzi sharti uwe mpya, uwe na matumizi, na juu ya hayo usiwe jambo ambalo mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo angeliona dhahiri kabla ombi halijawasilishwa. Ukivuka hapo, mwenye hataza analindwa kwa miaka 20 tangu tarehe ya ombi. Kwa sisi wa vishikio, sharti la mwanzo na la pili hayatusumbui sana. Ugomvi wote uko kwenye la tatu.

Nianze na kishikio changu, maana nisipowaonyesha kilivyo mtadhani nalalamika hewani.

Mashine nyingi za karakana zina mlango au kifuniko kinachofungwa kwa kishikio cha kuzungusha. Ubaya wa kishikio cha kawaida ni kwamba hufunguka bila kukusudia. Mkono wa shati ukinasa, au goti likikigusa unapoinama, mlango uko wazi na kisu bado kinazunguka. Dawa yake inajulikana siku nyingi: unaweka springi ndani ya tundu la mhimili, ili kishikio kisizunguke mpaka ukisukume kwanza kwa ndani. Ni dawa nzuri kwa miezi mitatu, minne. Baada ya hapo unga wa chuma unachanganyika na grisi, unaingia kwenye tundu, unakandika humo kama lami, na springi inakwama ikiwa imebanwa. Kishikio kinarudi kuwa kile kile cha kufunguka kikiguswa, ila sasa mwenye mashine anaamini kimefungwa. Vishikio vya namna hiyo nimevifungua kwa mamia. Kila mara nilikuta lile lile tope jeusi, linalong'aa ukilipaka kidoleni, na springi imelala ndani yake.

Watengenezaji wote niliowajua walijibu kwa kuziba. Waliweka sili ya mpira mdomoni mwa tundu, baadaye sili mbili, baadaye kifuniko cha bati juu ya sili. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi, nikidhani shida ni kwamba sijaziba vya kutosha. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba tundu lililozibwa likiingiwa na uchafu halina pa kuutolea. Ndipo nikaitoa springi kwenye mhimili, nikaihamishia kwenye sehemu inayoshikwa, chini ya kiganja, kwenye mfereji ulio wazi upande wa chini. Ukishika, kiganja kinabana springi na kishikio kinaachia kuzunguka. Ukiachia, springi inatanuka na unga unadondoka wenyewe. Hakuna sili hata moja. Vipande ni vichache kuliko vya kishikio cha zamani. Nilikifukia kwenye ndoo ya unga wa chuma uliochanganywa na grisi, nikakiunga na injini ndogo ikakibana na kukiachia mara 10,000, na kila mara kilirudi.

Nikaomba hataza. Jibu lilikuwa na hati mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kishikio cha mlango chenye springi ndani ya mhimili, yaani kile kile nilichokuwa nakikimbia. Ya pili ilikuwa ya mkono wa breki ya baiskeli, unaobanwa kwa vidole na wenye springi iliyo nje. Chini yake mchunguzi aliandika kwamba mtu mwenye ujuzi wa kawaida angeweza kuunganisha hati ya kwanza na ya pili, kwa hiyo uvumbuzi ni dhahiri. Niliuliza kwa maandishi: angeziunganisha kwa sababu gani? Jibu la pili lilirudia sentensi ile ile na kuongeza kwamba hati zote mbili zinahusu vitu vya kushikwa kwa mkono.

Waheshimiwa, tazameni lile neno "angeweza". Kesi yangu yote ilizama ndani yake. Fundi yeyote anaweza kuunganisha chochote na chochote. Ana tupa, ana mashine ya kuchomelea, ana mikono miwili. Swali ni kama angefanya hivyo, akiwa na kero ile mezani na kujua yale yaliyojulikana siku ile, bila kuwa ameona jibu langu. Kati ya "angeweza" na "angefanya" pana nafasi kubwa, na uvumbuzi mwingi wa vitu vidogo unaishi katika nafasi hiyo. Hili si jambo nililolitunga mimi. Bodi za rufaa za Ofisi ya Hataza ya Ulaya zimekuwa zikiuliza hivyo tangu uamuzi wa mwaka 1984: si kama mtu wa fani angeweza, bali kama angefanya, akitarajia kupata nafuu fulani. Swali limeandikwa vizuri kwenye miongozo. Tatizo ni kwamba linaachwa humo humo, na barua inayomfikia mwombaji inarudi kwenye "angeweza".

Mnajua watoto wanavyotegeana vitendawili. Nyumba yangu haina mlango. Kabla ya jibu, kimya. Yai likishatajwa, kila mmoja anaapa alikuwa nalo mdomoni. Mchunguzi anayesoma ombi la hataza anasoma kitendawili na jibu lake kwenye ukurasa mmoja, tena jibu limechorwa na kuwekewa namba za vipande. Simlaumu kwa kuliona jepesi. Nami pia nikikitazama kishikio changu leo nashangaa kwa nini kilinichukua miaka. Lakini mshangao huo si ushahidi. Jaji Fletcher Moulton wa Uingereza aliliona hilo mwaka 1910, katika kesi ya British Westinghouse na Braulik: alisema anatilia shaka hoja ya kwamba kitu kipya chenye manufaa si uvumbuzi eti kwa sababu kikishapatikana ni rahisi kuonyesha jinsi ya kukifikia kwa hatua ndogo ndogo kutoka kwenye kinachojulikana. Uchambuzi wa namna hiyo, alisema, unawadhulumu wavumbuzi.

Na Uingereza hiyo hiyo ilionyesha mwaka 1999 jinsi ya kuepuka mtego huo. Mandy Haberman alikuwa na hataza ya kikombe cha mtoto chenye vali ya mpasuo kwenye mdomo. Mtoto akinyonya kinatoa, akikiangusha hakimwagi. Waliomwiga walisema ni dhahiri, kwa kuwa vali za namna ile zilikuwapo. Jaji Laddie hakuishia kwenye kuwapo kwa vali. Aliuliza kwa nini basi watengenezaji wa vikombe, ambao walijua kwa miaka mingi kwamba vinamwaga na wangefaidika kwa kuvizuia, hawakufanya. Hataza ikasimama. Kwa kishikio changu nilikuwa na jibu la aina hiyo hiyo: fani nzima ilikuwa inaziba. Kama mtu wa kawaida wa fani alikuwa anaelekea kaskazini, na mimi nikaenda kusini, nani aliyemwambia mchunguzi kwamba kusini ndiko dhahiri?

Msinielewe vibaya. Siwaombi mfungue milango kwa kila kishikio kinacholetwa. Ningeomba hivyo ningekuwa nawatia kitanzi mafundi wenzangu.

Sheria hii ya udhahiri, kwa kadiri ilivyokuzwa na mahakama za Marekani, ilianzia kwenye kishikio hasa. Mwaka 1841 Hotchkiss na wenzake wawili walipata hataza ya virungu vya milango vilivyotengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi au kauri. Ndani ya kirungu waliacha tundu lililo pana chini kuliko mdomoni, wakamimina humo madini yaliyoyeyushwa, yakaganda, na ufito wa kishikio haukuchomoka tena. Waliposhtaki, wapinzani wao walisema namna ile ya kufunga ufito ilikwisha kutumika kwenye virungu vya chuma na vya mti, na kwamba kilichobadilika ni udongo tu. Shauri la Hotchkiss na Greenwood lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1851 Jaji Nelson akaandika kwa niaba ya wengi kwamba kama haikuhitajika akili na ustadi zaidi ya ule alionao fundi wa kawaida anayeijua kazi hiyo, basi kitu ni kazi ya fundi hodari, si ya mvumbuzi. Jaji Woodbury hakukubali; kwake, kitu kikiwa kipya, bora na cha gharama nafuu kuliko vya zamani, hayo yalistahili uzito mkubwa zaidi.

Nimemsoma Woodbury kwa makini, kwa sababu moyo wangu ungependa awe sahihi. Siwezi kumfuata. Fundi akikosa mti anatumia udongo, akikosa udongo anatumia plastiki, na bei ikipanda anarudi kwenye mti. Kubadilisha mali ya kufanyia kazi ndiyo shughuli yetu ya kila asubuhi. Tukimpa mtu miaka 20 kwa sababu amefika wa kwanza ofisini na badiliko ambalo yeyote angelifanya mali ikibadilika bei, tumemfungia kila aliye karakana.

Hapo ndipo inapoingia barua ya pili niliyopokea, baada ya ile ya kunikatalia hataza. Miaka michache baada ya ombi langu kukataliwa, wakili wa kampuni moja aliniandikia kunitaka niache mara moja kutengeneza vishikio vya chuma vyenye ganda la mpira lililochorwa mifereji ya kuzuia utelezi, na nilipe fidia kwa nilivyokwisha kuuza. Alinitumia nakala ya hataza. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Kila kitu kilichoandikwa humo nilifundishwa na mzee aliyenifunza kazi. Alikuwa anakata mpira wa ndani wa tairi, anauchemsha hadi ulainike, anauvalisha kwenye chuma kwa kuuvuta kwa koleo, na ukishapoa anauchora mistari kwa kisu kikali, kila mstari upana wa unyayo wa sisimizi. Alikuwa na desturi ya kugonga mwaka kwenye kitako cha kila kazi. Ninacho kimoja. Kimegongwa 1988. Hataza ile iliombwa miaka mingi baadaye.

Wakili niliyemwendea alinisikiliza, akakishika kile kishikio cha mzee, akakigeuza akauona mwaka, akaniambia kwamba kwa maoni yake hataza ile isingesimama. Kisha akaniambia gharama ya kuiangusha. Ilizidi thamani ya karakana yangu pamoja na mashine zake zote. Nikaacha kuvitengeneza. Mwenzangu alishika mpini, mimi nilishika makali, na mwenye makali havuti.

Nimezifikiria barua hizo mbili, ya kunikatalia na ya kunitisha, kwa muda mrefu, kwa sababu kwa mtazamo wa haraka zinapingana: mara nalalamika kwamba ofisi ni kali, mara kwamba ni legevu. Nilipoziweka pamoja mezani niliona kosa ni moja. Ofisi iliyonikataa haikuandika sababu ya fundi kuunganisha vitu viwili vilivyokuwa mbali. Ofisi iliyompa yule mwingine haikujua kwamba fundi alikwisha kuviunganisha vitu vilivyokuwa karibu. Na katika zote mbili hakuna aliyeshika kishikio chochote mkononi.

Kuhusu sababu, mfano mzuri upo, na unatoka kwenye uamuzi ulioiangusha hataza, kwa hiyo hakuna atakayesema nauchagua kwa kuwapendelea wavumbuzi. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la KSR na Teleflex kuhusu pedali ya mafuta ya gari: pedali inayosogezwa mbele na nyuma kulingana na urefu wa dereva, iliyowekewa kihisio cha kielektroniki kwenye egemeo lisilosogea. Mahakama haikusema tu kwamba pedali zilikuwapo na vihisio vilikuwapo. Ilifuata kazi ya msanifu hatua kwa hatua. Magari yalikuwa yanahamia kwenye kudhibiti mafuta kwa umeme, kwa hiyo kila mwenye pedali ya kusogea alihitaji kihisio. Kikiwekwa sehemu inayokanyagwa, waya zinasuguliwa na kuchubuka kila pedali inaposogea, na kasoro hiyo ilikwisha kuandikwa. Hati nyingine zilielekeza kukiweka mahali pasipo na mwendo. Mahali pa namna hiyo panapoonekana mara moja ni egemeo. Majaji wote walikubaliana: dhahiri. Na wakasema kwamba sababu ya kuunganisha lazima ionyeshwe wazi.

Mimi ni fundi, na nikiusoma uamuzi huo kichwa changu kinaitikia kila hatua. Ningefanya hivyo hivyo. Ndiyo maana hata mwenye hataza iliyoanguka anaweza kuusoma akajua ameshindwa na nini. Ulinganisheni na sentensi moja ya "angeweza".

Kesi ya Graham na John Deere ya mwaka 1966 nitaitaja kwa haraka, kwa kuwa nyote mnaifundisha. Ilihusu jinsi fito za plau zinavyofungwa kwenye fremu ili zipinde zikigonga jiwe. Mahakama iliweka mambo ya kutazamwa: yaliyotangulia ni yapi, tofauti ni ipi, kiwango cha ujuzi wa fani ni kipi, pembeni yake mafanikio sokoni, haja iliyodumu bila kutimizwa, na wengine kujaribu wakashindwa. Plau ilishindwa. Lakini siku ile ile mahakama ile ile iliilinda betri ya Adams, iliyotumia magnesiamu na kloridi ya shaba na kuamshwa kwa maji. Vitu vyake vyote vilijulikana, ila maandishi ya wakati ule yalimwambia msomaji kwamba njia hiyo haifai, na wataalamu hawakuiamini hadi walipoiona ikifanya kazi. Kama fani yote inasema "ziba", na mtu akafungua, yuko upande wa Adams.

Sasa huyu mtu mwenye ujuzi wa kawaida. Nimemtafuta katika hukumu zenu na nimekuta mmemchora kwa sura zisizofanana. Mwaka 1972, katika kesi ya Technograph, Bwana Reid wa Uingereza alimweleza kuwa mtu anayeijua karakana vizuri na kusoma maandishi yote ya fani yake, lakini hana hata chembe ya uvumbuzi. Katika KSR, Jaji Kennedy aliandika kwamba ana ubunifu wa kawaida, si mashine inayojiendesha. Nimefanya kazi na watu hawa maisha yangu yote na naweza kuwaambia kwamba hawasomi maandishi yote ya fani. Hawana muda. Wanachojua kiko kwenye vidole: wanajua chuma hiki kitapinda wapi, mpira huu utapasuka baada ya jua la miaka mingapi, mkono uliolowa mafuta unateleza kwa pembe gani. Na ubunifu wanao, lakini ni wa kuelekea pale walikozoea kutazama. Akikwama anaongeza unene, anaongeza boliti, anaongeza sili. Mara chache sana huondoa. Mkitaka kujua kama jambo lilikuwa dhahiri kwake, yupo, anaishi, anaweza kuulizwa. Mwekeeni mezani kishikio cha zamani chenye kasoro yake, msimwonyeshe kipya, mmuulize angefanya nini. Majibu ya mafundi watano au sita wasiojua kesi yanahusu nini yatawafundisha zaidi ya hati mbili zilizotafutwa baada ya jibu kujulikana.

Kuna jambo jingine linalonikereketa zaidi ya yote, nalo ni kwamba ujuzi wa vishikio haujaandikwa. Mtu wa dawa au wa elektroniki anachapisha makala. Mtengeneza mpini anatengeneza mpini. Ujuzi wake uko kwenye kitu chenyewe, kwenye kontena la vyuma chakavu, kwenye mkono wa mwanafunzi wake. Mchunguzi anatafuta kwenye hifadhi za hati, hakuti kitu, anaandika kwamba hakuna kilichotangulia. Kishikio cha mzee wangu chenye mwaka 1988 hakipatikani kwa kutafuta maneno.

Sheria nyingi zinakubali kwamba kitu kilichotumika hadharani kinahesabika hata kama hakijaandikwa popote. Mkataba wa Hataza wa Ulaya unasema wazi kwamba yaliyotangulia ni yote yaliyofikia umma kwa maandishi, kwa mdomo, kwa matumizi au kwa njia nyingine yoyote. Uingereza ina mfano ninaoupenda kuliko yote. Katika shauri la Windsurfing International na Tabur Marine, hataza ilihusu ubao wa kuteleza majini wenye tanga, na sehemu yake muhimu ilikuwa jozi ya fito za kupinda ambazo mtu anazishika kwa mikono miwili kuliongoza tanga. Kwa macho yangu, kishikio. Ikathibitishwa kwamba mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, alijitengenezea ubao wa namna hiyo na kuutumia kwenye kisiwa cha Hayling mwaka 1958, miaka kama kumi kabla ya ombi la hataza. Fito zake zilikuwa zimenyooka, ila zilipinda upepo ulipoingia kwenye tanga. Hakuandika makala. Hakuchora mchoro wa kuwekwa maktaba. Alicheza ufukweni mbele ya watu, na hataza ya kampuni ikaanguka mbele ya mchezo wake.

Lakini njia ya kuuleta ushahidi kama huo ni nyembamba mno kwa mtu mdogo. Marekani ilianzisha mwaka 2012 utaratibu wa kuipinga hataza mbele ya ofisi yenyewe bila kwenda mahakamani, na ni utaratibu wa haraka kuliko kesi. Ila ukomo wake ni huu: unaweza kuleta hataza za zamani na machapisho tu. Kishikio cha chuma chenye mwaka uliogongwa hakiruhusiwi kuwa msingi wa pingamizi. Na ada zake, kabla hujamlipa wakili, ni makumi ya maelfu ya dola. Ulaya, ushahidi wa matumizi unaruhusiwa, lakini dirisha la pingamizi ni miezi tisa tangu hataza itolewe. Fundi hajui hata kwamba hataza imetolewa. Anajua siku barua ya wakili inapofika, na kwa kawaida hiyo ni miaka baada ya dirisha kufungwa.

Najua mtaniambia nini, na ni kweli. Mchunguzi ana saa chache kwa kila ombi na rundo linalomsubiri. Hawezi kuwaita mafundi sita kwa kila kishikio. Nakubali. Basi hilo la mafundi liwe la rufaa na la mahakama, pale ugomvi umekwisha kuwa mkubwa. Kwa mchunguzi ninaomba aya moja tu, na ninaiomba iwe sharti ambalo bila hilo barua ya kukataa haitoki: aya inayotaja kero aliyokuwa nayo fundi siku ile, inayosema ni kitu gani kingemsukuma kutoka hati ya kwanza hadi ya pili, na inayojibu kwa nini wengine waliokuwa na kero hiyo hawakufanya hivyo. Akishindwa kuiandika aya hiyo, labda ni kwa sababu haipo. Na akiiandika vizuri, mwombaji ataacha kupoteza fedha kwenye rufaa. Mimi ningeacha. Nilichokosa ni cha kukubali au kukikataa.

Kwa wakuu wa ofisi, ninaomba mruhusu vitu. Mwombaji aruhusiwe kuleta kishikio chake na kile cha zamani, na mchunguzi avishike kabla ya kuandika. Anayepinga naye aruhusiwe kuleta kitu chenye tarehe inayothibitika, wakati wowote hataza ikiwa hai, kwa ada ambayo karakana ya watu watatu inaweza kuilipa. Msiogope kwamba mtaletewa makontena ya vyuma. Kitu chenye mwaka unaothibitika ni adimu, na ndiyo maana kikipatikana kina uzito. Na wekeni hifadhi ya picha za vitu hivyo, zenye vipimo na tarehe, ili mchunguzi wa kesho akitafuta asikute patupu.

Kwa majaji, sina zaidi ya kuwaomba mshike kabla ya kusikiliza. Mawakili wa pande zote mbili watawaletea michoro iliyopakwa rangi, kila kipande na mshale wake, na kwenye mchoro springi iliyokwama na springi inayofanya kazi zinafanana kabisa.

Ombi langu lilikwisha kufungwa na muda wa rufaa ulipita, silirudishi kwenu. Kile kishikio cha zamani kilichokwama, changu chenye mfereji wazi, na cha mzee chenye mwaka 1988 viko juu ya benchi langu, vimefutwa mafuta. Cha kwanza bado kina tope lake ndani, sikulitoa. Mchunguzi au jaji yeyote atakayetaka kuvishika kimoja baada ya kingine aniite tu, nitavileta mwenyewe.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa vishikio